Dimbwi Shambani kwa Yobu

Maji yalikuwa yamesimama katikati ya shamba la Yobu Ndalu, na hayakuonyesha dalili ya kwenda popote.

Kwingineko lingekuwa jambo la kawaida tu: mvua imenyesha, dimbwi limebaki. Lakini kijijini Chitemelo, kwenye miteremko myekundu ya Kongwa, madimbwi yalikuwa yamesahaulika tangu mnara uliposimikwa juu ya kilima. Mvua ikinyesha, ardhi iliinywa yote palepale, na muda si mrefu mtu aliweza kukatiza shamba na viatu vya kanisani. Ndiyo maana wanafunzi waliokuwa wakienda shule waliiacha njia, wakajipanga ukingoni mwa maji yale, wakiyatazama kama mnyama wasiyemjua jina.

"Limekuwepo tangu lini, baba?" Nyemo Malogo aliuliza, akishuka kwenye pikipiki yake ya umeme.

"Nimeamka nimelikuta," Yobu alijibu. "Nikasema litanyweka. Nimekunywa uji, nimefungulia mbuzi, bado lipo. Nikaona nimwite mtu wa udongo."

Yobu alikuwa mtu wa makamo, mrefu na mkavu, mwenye mkono mmoja. Wa kulia ulibaki kwenye mashine ya mkonge huko alikokwenda kutafuta kibarua enzi za ujana wake, wakati ardhi ya nyumbani ilikuwa haitoi kitu. Kwa mkono wa kushoto alilima kwa kijembe kifupi alichojichongea mpini mwenyewe, na karanga zake zilikuwa zinasifiwa mpaka Kibaigwa. Aliweza kwa sababu udongo wa Chitemelo ulikuwa laini. Zamani haukuwa hivyo. Ulikuwa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mwembamba, na jua la kiangazi lilipoupiga ulikauka ukawa tofali moja kubwa kutoka kilimani hadi bondeni. Wakoloni walipoleta matrekta yao kulima karanga katika nchi hii, ardhi ilivunja majembe ya chuma.

Kilichoulainisha ni vishikizi. Kishikizi kimoja kilikuwa kidogo kuliko chembe ya vumbi, chenye miguu miwili ya kujinyoosha. Vilimwagwa shambani kama mbolea, vikazama, kila kimoja kikajipenyeza kati ya chembe mbili za udongo na kuzisukuma zisigusane. Nguvu vilizipata hewani, kutoka kwenye mnara. Maana udongo mzuri karibu nusu yake ni utupu: matundu makubwa ya kupitisha maji na hewa, na matundu madogo ya kuyaweka maji mpaka mzizi uyahitaji. Matundu yakishindiliwa, mzizi unakosa pa kupita na pa kupumulia, hata kama umezungukwa na chakula. Vishikizi viliyafungua matundu hayo na kuyashikilia yasifunge. Watu waliokuwa wametawanyika mijini wakarudi. Kampuni ya Tifutifu, iliyovitengeneza, ikamwajiri Nyemo, mtaalamu wa fizikia ya udongo, kuutunza mnara baada ya fundi wa kwanza kustaafu.

Nyemo alivua saa yake, akaitia mfukoni, akaanza kuchimba kando ya dimbwi.

Kipimo cha shubiri moja koleo lilizama kama kwenye unga. Halafu likagonga. Mlio wake ulikuwa mkavu, kama wa chungu. Nyemo aliingia shimoni akakwangua kwa kisu: chini ya udongo laini palikuwa na tabaka la kijivu, linang'aa, limeziba kabisa. Juu ya tabaka hilo maji yalikuwa yamekusanyika ndani ya udongo, na udongo wenyewe umekuwa uji. Aliusukuma kwa kiganja. Ukateleza wote kwa pamoja, kama mkeka juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Aling'oa mmea mmoja wa karanga. Mizizi yake ilikuwa imeteremka vizuri mpaka pale, kisha ikakunjwa pembeni, ikatambaa juu ya lile tabaka bila kupata pa kupenya. Ilikuwa myembamba na myeupe, haina hata utando wa kuvu. Akanyanyua macho. Shamba la Yobu lilikuwa la juu kabisa mteremkoni. Chini yake yalifuata mashamba mengine, moja baada ya jingine, na chini ya mashamba yalikuwa mabati ya nyumba za Chitemelo, yakimeta juani.

"Niambie," Yobu alisema.

"Nipe mpaka jioni, baba. Sitaki nikuambie kitu ambacho sijakithibitisha."

*

Kwenye chumba cha mnara, Nyemo alisimamisha glasi mbili za maji juu ya meza. Katika ya kwanza alitumbukiza bonge la udongo kutoka shambani kwa Yobu. Katika ya pili, bonge kutoka nyuma ya mwamba, kwenye kichaka ambacho hakikuwahi kulimwa wala kufikiwa na nguvu ya mnara.

Bonge la Yobu halikudumu. Lilitoa mapovu, likaporomoka, likawa tope lililotulia chini ya glasi na kujibana. La kichakani lilikaa. Maji yalibaki meupe. Ndani yake mlikuwa na vijizizi, nyuzi za kuvu na ute wa wadudu, vyote vimezifunga chembe za udongo pamoja kama unga uliokandwa kwa mafuta.

Hapo akaelewa. Mashambani, vishikizi vilikuwa vinafanya kazi hiyo peke yao. Kwa kuwa maji na hewa vilipatikana juujuu, mizizi haikuwa na sababu ya kwenda chini. Kwa kuwa udongo ulikuwa laini bila samadi, watu waliacha kuweka samadi, na mabua waliyachoma. Gundi ya asili ikafa kidogo kidogo bila mtu kuona, kwa sababu mazao yalikuwa mazuri. Na sasa vishikizi vilikuwa vinazeeka. Shamba la Yobu ndilo lililomwagiwa kwanza, kwa hiyo ndilo lililotangulia. Nusu ya vishikizi vyake, vile vya chini, vilikuwa vimekufa, nusu vinasukuma. Udongo wa juu ulikuwa bado unakunywa maji, wa chini ukiyakataa, na mvua kubwa moja ingeweza kuling'oa tabaka lote la juu na kuliteremsha juu ya mabati yale.

Alimpigia Daktari Kaijage, mkuu wa uhandisi wa kampuni, aliyekuwa Dodoma. Uso wa Kaijage ulitokea ukutani, miwani imepandishwa kwenye paji.

"Ongeza nguvu ya mnara," alisema baada ya kusikiliza. "Iweke juu kabisa. Vilivyobaki vitasukuma mara mbili, lile tabaka litafunguka, na msimu huu utapita salama."

"Na vitachoka mara mbili upesi. Vyote, mteremko mzima."

"Kizazi kipya kiko maabara, Nyemo. Kitakuwa tayari kabla havijaisha."

"Una hakika?"

Kaijage alishusha miwani. Hakuwa mtu mwongo, na Nyemo alimheshimu kwa hilo. "Nina matumaini," alisema.

"Na kisipokuwa tayari, kijiji kizima kinakuwa dimbwi siku moja. Naweza kulizima shamba la Yobu peke yake, taratibu, kabla ya mvua kubwa. Likikauka halitateleza. Tukinge maji yake kwa matuta, tupande mbaazi. Mzizi wa mbaazi unaweza kulitoboa tabaka lile."

"Kwa muda gani?"

"Misimu miwili. Labda mitatu."

"Na huyo mzee atakula nini? Udongo wake utakuwa jiwe. Fikiria vizuri. Hapo una kitufe kimoja kinachomwokoa leo, unataka kumwacha kwa ajili ya hesabu zako za kesho?"

Maneno hayo ndiyo yaliyobaki chumbani picha ilipozimika. Nyemo alikaa mbele ya ubao wa mnara. Mnara ulikuwa na sauti moja tu: uliweza kuzibwa usifike kwenye shamba fulani, lakini haukuweza kupaza sauti kwa shamba moja peke yake. Kuongeza nguvu kwa ajili ya Yobu kulikuwa kuwazeeshea wote vishikizi vyao. Kuzima kulikuwa kumnyang'anya mtu mwenye mkono mmoja ardhi pekee aliyoweza kuilima. Na lolote kati ya hayo angeweza kulifanya sasa hivi, bila mtu kujua. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha kuongeza, kikakaa juu yake.

Alifikiri jinsi Yobu angeamka kesho akute maji yamekwisha, acheke, amsifu. Angeshukuriwa kwa kitu ambacho kingekuja kuwaangamiza. Akaondoa kidole, akachukua ufunguo wa pikipiki.

*

Mchiwa, mke wa Yobu, alikuwa anapepeta mtama uani. Alimkaribisha kwa kigoda na kikombe cha maji, lakini Nyemo alipoanza kueleza, ungo ulisimama.

Aliwaeleza yote, bila kupunguza na bila kutumia lugha ya kampuni. Alieleza tabaka, mizizi iliyokunjwa, udongo unaoteleza, kitufe cha kuongeza na kitufe cha kuzima. Yobu alimsikiliza akitazama ardhi kati ya miguu yake.

"Kwa hiyo mimi ndio niwe wa kwanza kulala njaa," alisema hatimaye.

"Ndiyo, baba. Nikizima, ndivyo itakavyokuwa."

"Unajua nilivyokuwa kabla ya mnara?" Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuumiza Nyemo zaidi. "Nilikuwa nakaa pale mlangoni. Mke wangu analima, mimi nafukuza kuku. Watu wakipita wananisalimia kwa upole, kama mgonjwa. Udongo ulipolainika nikaingia shambani. Hata kanisani nikaanza kukaa mbele. Wewe leo unakuja na karatasi zako..."

"Sikuja na karatasi."

"...unakuja na maneno yako, unanirudisha mlangoni."

"Baba Ndahani," Mchiwa alisema taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "nyumba ya Ndahani iko chini kule. Na wajukuu."

Kuku walikuwa wamekwisha kuuvamia ungo, hakuna aliyewafukuza.

"Ungeweza kuongeza hizo nguvu usiniambie," Yobu akasema.

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

Nyemo aliweka kikombe chini. "Kwa sababu shamba ni lako," alisema. "Na nyumba zile ni za watu. Sioni kwa nini niamue mimi, niliyeajiriwa kutunza mashine."

Yobu alisimama, akajifuta suruali. "Basi usiamue. Mwambie mwenyekiti aite watu wote. Lakini mimi nitaongea kwanza. Sitaki mtu anisemee kwa huruma."

*

Walikutana kwenye ghala la karanga, milango yote miwili ikiwa wazi. Mwenyekiti wa kijiji, Sechelela Chibago, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliwasalimu kwa "Mbukwenyi!", wakaitika, kisha akampa Yobu nafasi kama alivyoomba.

"Shamba langu linakufa," Yobu alisema. "La kwako litakufa kesho kutwa. Tofauti yetu ni kwamba langu lilianza. Nyemo atawaeleza, msikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kelele."

Nyemo alikuwa amebeba glasi zake na mabonge mapya. Alisimamisha glasi juu ya gunia, akawaita watu wa mbele wasogee. Bonge la kwanza likaporomoka. Kisha kelele zikaanza.

Elia Chipanha ndiye aliyesimama. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, aliyeacha kazi ya udereva mjini akarudi na mke na watoto kwa sababu ya udongo huu, na shamba lake lilipakana na la Yobu upande wa chini.

"Dada Nyemo, mimi sikatai sayansi yako," alisema. "Lakini umetuambia kuna kitufe cha kuongeza nguvu, na kampuni inaleta vishikizi vipya. Kwa nini tusibonyeze, tukavuna, tukasubiri? Karanga ziko kwenye maua. Ua la karanga likishashika mimba linateremsha kijiti chake chini kitafute udongo. Kikikuta jiwe kinakauka hewani. Unataka tutazame hivyo viti vyetu vikikauka, eti kwa sababu kuna jambo huenda likatokea?"

"Vijiti," mtu akamsahihisha, watu wakacheka, na Elia mwenyewe akacheka kidogo.

"Huenda visiletwe, Elia," Nyemo alijibu. "Kampuni ina matumaini, haina ahadi. Tukiongeza nguvu, utavuna mwaka huu, na mimi nitapigiwa makofi. Lakini vyote vitachoka pamoja, na siku vitakapozima hatutakuwa na shamba moja la kuliokoa. Yatakuwa yote. Nikizima kipande kimoja sasa, mengine yanatushikilia wakati hicho kinajifunza kusimama chenyewe."

"Kipande cha Yobu."

"Ndiyo."

"Na Yobu ale nini?" aliuliza Elia, kama Kaijage alivyouliza, na safari hii Nyemo hakuwa peke yake chumbani na swali hilo.

Ghala lilikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wanatazamana. Halafu Sechelela akapiga meza.

"Hilo nalo ni swali la kumuuliza Nyemo? Yeye anajua udongo. Yobu ni wetu," alisema. "Yobu alitoa shamba lake likajaribiwa wakati sisi wengine tulikuwa tunasema vile vidude vitatuletea ugonjwa. Mimi mwenyewe nilisema. Nina mistari kumi ya karanga upande wa kisima. Ni yake mpaka shamba lake lipone. Udongo wa pale bado ni laini, aje na kijembe chake. Mwingine?"

Wengine walitoa. Haikwenda kwa furaha kama harusi. Kuna waliotoa mstari mmoja, kuna waliotazama paa mpaka wakapitwa. Elia alikataa kutoa karanga, lakini alisema angekuja na sururu kuchimba matuta, "kwa sababu maji yakishuka yanaanza na mimi."

Yobu alisimama tena. "Na mbaazi nitapanda mwenyewe," alisema. "Mbegu haihitaji mikono miwili."

*

Nyemo alilizima shamba la Yobu katika siku za jua, hatua kwa hatua, ili udongo ushuke ukiwa mkavu usije ukajibana ukiwa na maji. Ulishuka kweli. Asubuhi moja shamba lilikuwa limeinama kama godoro lililozeeka, na kufikia wikiendi lilikuwa na gamba jekundu lenye nyufa. Watu walikuja na sururu na mitaimbo. Walichimba matuta manene kukingama mteremko, na Yobu akawafuata na mfuko wa mbegu shingoni, akitumbukiza mbaazi kwenye kila shimo na kulifukia kwa samadi na mguu.

Kampuni ilimwandikia Nyemo kwamba amekiuka maelekezo na nafasi yake itaangaliwa upya. Aliusoma ujumbe huo akiwa ameshika mtaimbo, akauzima.

Mvua kubwa ilikuja mchana, watu wakiwa mashambani. Ilianza upande wa mwamba, ikavuka kilima kama ukuta, na katika muda wa kukimbilia mti ikawa haiwezekani kuonana. Shamba la Yobu halikunywa hata tone. Maji yote yaliteleza juu ya gamba, yakajaa nyuma ya tuta la kwanza, yakapanda. Kwenye mashamba mengine vishikizi vilikuwa vinakunywa, lakini havikuwa na uwezo wa kunywa na ya Yobu pia.

"Linatoboka!" alipiga kelele Elia.

Tuta lilikuwa limefunguka upana wa mlango, na maji mekundu yalikuwa yanapita moja kwa moja kwenye shamba lake. Alijirusha pale na gunia la mchanga, likachukuliwa. Akachukua la pili, Nyemo akalikalia, wote wawili wakiwa ndani ya maji mpaka kiunoni. Mchiwa alikuja na mabua ya mtama, akafuata Sechelela, wakafuata wengine, wakajaza magunia, mabua, mawe, hata mlango wa banda la mbuzi. Yobu alikuwa chini ya tuta, bega lake lisilo na mkono limeegemea mlango ule, miguu imejichimbia ardhini, akipiga kelele waongeze. Na matuta mengine chini yakashika yaliyopita.

Mvua ilipokatika, walikaa pale walipokuwa, wakihema. Nyumba zilikuwa zimesimama. Tabaka la udongo halikuteleza, kwa sababu shambani kwa Yobu halikuwapo tena la kuteleza. Lakini nusu ya karanga za Elia zilikuwa chini ya tope.

Elia alizitazama muda mrefu. "Usiniambie pole," alimwambia Nyemo.

Hakumwambia. Kesho yake alikwenda kumsaidia kuzikwangulia tope, mmea mmoja mmoja, na walifanya kazi mpaka mchana. Ndipo Elia akauliza, kama mtu anayeuliza saa, "Hizo mbaazi, mzizi wake unaenda chini kiasi gani?"

"Kuzidi urefu wako."

"Basi mwakani nizimie na mimi. Upande ule wa juu."

*

Mwaka ule ulikuwa wa kubana mkanda. Yobu alilima mistari ya watu, kwa kijembe chake, na hakuna aliyemsikia akilalamika, ingawa Mchiwa alisema nyumbani alikuwa analalamika sana. Mbaazi zilidumaa, Nyemo akakosa raha. Kisha, katikati ya kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka, zikawa bado kijani. Alichimba kando ya shina moja. Mzizi ulikuwa umefika kwenye lile tabaka la kijivu, ukajipinda kidogo kutafuta ufa, ukapita. Alilala kifudifudi shimoni akautazama ulikotokomea. Kisha akamwita Yobu, naye akalala kifudifudi.

Waliacha mizizi ioze ardhini, kila mmoja ukiacha nyuma yake njia wazi ya maji na hewa. Matawi na majani waliyatandaza juu ili matone ya mvua yasipige udongo wazi. Msimu uliofuata likazimwa shamba la Elia upande wa juu, kisha kipande cha Sechelela, kisha kingine, kila mwaka kidogo, na waliokuwa wamezimiwa waligawiwa mistari na wenye udongo laini. Ikawa desturi, yenye ugomvi wake na zamu zake.

Vishikizi vipya vilikuja, wakati karibu nusu ya mteremko ilikuwa imekwisha kuzimwa. Daktari Kaijage alivileta mwenyewe. Alitembea shambani kwa Yobu akiwa na chuma chake cha kupimia ugumu wa ardhi, akakichomeka, kikaingia. Akajaribu pengine, kikaingia. Akakaa kwenye tuta.

"Bila mnara?"

"Bila mnara," Nyemo alisema.

"Nilikuwa nimekuja kukupa barua ya kukuhamisha."

"Nipe."

Kaijage alifikiri. "Kwanza niambie hivi vipya nivifanyeje."

"Viache. Kuna mabonde upande wa pili hata mzizi wa mbaazi hauingii. Vitufungulie mlango kule. Lakini viwe na mwisho wake, na wenye mashamba waambiwe mwisho huo kabla ya kumwaga hata kimoja."

Kaijage aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anataka kuongeza neno, lakini alikatizwa na kelele za watoto.

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imenyesha alfajiri, na sasa jua lilikuwa limechomoza. Kutoka kwenye ardhi ya Yobu, katikati ya mistari ya mbaazi, kulikuwa kumefunguka vitundu, na kwenye kila kitundu vilikuwa vinatoka vidudu vyenye mabawa, vinasukumana, vinapaa, makundi kwa makundi, mpaka hewa juu ya shamba ikawa inameremeta. Watoto wadogo walikuwa hawajawahi kuviona hapo. Mmoja alikuwa analia kwa woga, kaka yake anamcheka.

"Kumbikumbi!" Mchiwa alipiga kelele kutoka uani, kwa sauti ya msichana. "Leteni beseni! Leteni maji! Jamani, kumbikumbi!"

Watu walikuja wakikimbia na ndoo, na sufuria, na kofia. Sechelela alitandaza khanga yake juu ya vitundu. Nyemo alipiga magoti akachungulia kitundu kimoja: njia nyembamba, laini, iliyopakwa ute, inakwenda chini kuliko macho yanavyofika, na maji ya mvua yalikuwa yameshapita humo. Hakuna mtu aliyekuwa ameichimba.

Mchiwa aliwakaanga kumbikumbi palepale, na chumvi kidogo, bila mafuta. Yobu alichota kiganja, akampa Kaijage kwanza kwa kuwa ni mgeni, kisha Nyemo.

"Kula, mwanangu," alisema. "Wa kwetu hawa."